Dagaa wa Bakuli la Bi Rula

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, shangazi yangu huulaza utepe wake wa kupimia juu ya rula ya chuma na kuvikagua vyote viwili kwa jicho moja, jingine amelifumba. Utepe ni wa kitambaa, na kitambaa, anasema, hudanganya kidogo kidogo. Leo kinavutika unywele mmoja, kesho mwingine, na mwisho wa mwaka mteja anakurudishia suruali inayomwanguka kiunoni. Akiridhika anautia shingoni, ncha zikaning'inia kifuani. Asiporidhika anaukata vipande vya kufungia mizigo na kununua mwingine siku hiyo hiyo.

Ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ndicho chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha linalofungukia uchochoroni, kwa hiyo wapita njia humsalimia akiwa amebana pini midomoni, naye huitikia kwa nyusi. Sakafu haikosi vipande vya kitambaa. Ukikaa pale nusu saa unatoka na nyuzi kwenye nywele, na watu wa mtaani wanajua ulikotoka.

Dikoni, yaani pale ufukweni boti zinaposhusha samaki, wanamwita Bi Rula. Cheo cha kupima samaki alikipata hivi hivi tu. Afisa uvuvi aliiambia kamati ya diko kwamba lazima iwe na mtu wa kupima dagaa. Wajumbe wakaangaliana. Mmoja akauliza, “Nani kati yetu anajua kupima?” Mwingine akamjibu, “Kwani hilo shati lako alikupima nani?” Wakacheka, wakamfuata. Shangazi alidhani ni utani mpaka alipoletewa kibao.

Kibao chenyewe ni kifupi, kimepakwa rangi nyeupe, kina ukingo upande mmoja wa kuegemezea mdomo wa samaki, na mstari mwekundu umekatiza katikati. Afisa alimweleza mara moja naye akashika. Dagaa ambaye mkia wake unavuka mstari ameshataga angalau mara moja. Asiyevuka hajaacha kitu baharini. Kila boti ikirudi, mpimaji anapewa dagaa wa bakuli moja, anawalaza kibaoni mmoja mmoja. Wengi wakivuka, anaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya nyavu: JUU. Wengi wasipovuka, anaandika CHINI. Jioni hesabu inanakiliwa daftarini, na mlango unafutwa. Boti hizo ni za taa na hutoka katika giza, yaani zile siku za mwezi kupotea, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawana haja na taa ya mtu. CHINI ikizidi katika giza moja, diko linafungwa miezi mitatu. Kanuni hiyo waliipitisha wenyewe kwa kunyoosha mikono.

Kwa muda mrefu mlango ule haukuandikwa neno jingine ila JUU. Bi Rula akawa mtu wa habari njema. Akipita, wavuvi wanampisha njia na wachemshaji wa dagaa wanamwita aonje chai yao.

Mimi nilihamia kwake nilipomaliza chuo, nikisubiri majibu ya kazi ambayo hayakuwa na haraka. Nilimbebea kibao asubuhi, na mchana nilimfumulia mishono iliyokosewa. Ndiyo maana nilikuwepo mambo yalipoanza kuvurugika, na aliyeyavuruga ni mama yangu.

Mama ni mchemshaji. Hununua dagaa wabichi, huwachemsha katika maji ya chumvi, kisha huwaanika juu ya vichanja vya wavu mpaka wakauke. Yeye na shangazi wametaniana tangu mama alipoolewa, na hakuna aliyewahi kukubali kwamba ameshindwa. Siku hiyo alisimama dirishani, mikono kiunoni, bado ananuka moshi.

“Wifi! Toa hizo pini mdomoni, nina kesi na wewe.”

“Kesi ya gauni au ya kaka yangu?”

“Kaka yako nimeshamzoea. Kesi ya dagaa. Kila siku unaandika JUU, JUU. Mbona kwangu wanadondoka?”

“Wanadondoka wapi?”

“Kwenye chanja! Nawamwaga juu, nusu yao nawakuta chini. Kuku wa jirani wamenenepa hadi wanatembea kwa kupumzika.”

Shangazi alicheka. Lakini kesho yake, tulipotoka dikoni, hakunyoosha nyumbani. Alikata kona kwenda kwa mama, akainama chini ya chanja, akaokota dagaa mchangani na kumpangusa kwa kanga. Akamlaza kibaoni. Mkia uliishia mbali kabisa na mstari. Akaokota mwingine. Hali ile ile. Mama alikuwa ametandika chandarua kikuukuu juu ya wavu wa chanja ili wasizidi kupita, na juu ya chandarua hicho dagaa walikuwa wamelala kama nyasi zilizokatwa, wembamba, wote saizi moja.

“Umenunua boti gani hawa?”

“Boti zote. Nachagua mimi?”

“Mimi asubuhi nimepima boti zote. Wote wamevuka.”

“Basi labda wanaogopa rula, wanajinyoosha.”

Kuanzia hapo shangazi hakutulia. Kwanza alikituhumu kibao: labda mbao imevimba kwa maji na mstari umesogea. Akakipima kwa rula ya chuma juu, chini na ubavuni. Mstari ulikuwa pale pale. Halafu akatuhumu moto. Alichukua dagaa wabichi wa bakuli lake, akawalaza kibaoni, akawachemsha jikoni kwetu katika sufuria ya wali, akawaanika juu ya bati, na walipokauka akawalaza tena. Walikuwa wamesinyaa kweli, ila kidogo tu, kama shati la pamba lililofuliwa mara ya kwanza.

“Siyo moto,” alisema, akiwa amekaa kwenye kigoda huku sufuria ya wali inanuka samaki. “Hawa wamesinyaa. Wale wa mama yako ni watoto.”

“Sasa wakubwa wanakwenda wapi kabla ya kufika kwa mama?” nikauliza.

“Ungekuwa unasaidia, ungejibu.”

Alimwita afisa uvuvi. Alikuja na pikipiki, kijana mpole anayemwita kila mwanamke mama, kofia ngumu kaiweka mapajani kama mtu aliyeshika mtoto wa watu. Alisikiliza yote, akaomba maji, akayanywa, ndipo akasema.

“Mama, dagaa wakiwa wadogo hivyo, kuna mawili. Huenda wakubwa wamevuliwa wakaisha, wamebaki hao. Au huenda mwaka huu wamezaliwa wengi sana. Wakubwa wapo, ila watoto wamezidi wingi kila mahali.”

“Moja ni msiba, jingine ni sherehe.”

“Ndiyo, mama.”

“Na kwenye kibao yanatofautianaje?”

“Hayatofautiani.”

“Na kwako wewe uliyesomea?”

Kijana akakuna shingo. “Yanafanana. Mpaka upime muda mrefu, uone kama wadogo hao wanakua wanavuka mstari, au kila mwaka wanaishia hapo hapo. Lakini tatizo langu si hilo. Vipimo vyako ni vizuri, mama. Ni JUU mwaka mzima. Kwa vipimo vyako, wadogo hao hawapo kabisa. Nimechanganyikiwa.”

“Karibu,” shangazi akamwambia. “Vuta kiti.”

Alipokuwa anavaa kofia yake aliniuliza mimi nimesomea nini. Nikamwambia fasihi.

“Afadhali,” shangazi akasema. “Wakiisha, huyu atawasimulia.”

Siku chache baadaye gesi iliisha kabla ya chai. Shangazi alikagua utepe wake, akatazama jiko, akasema twende hivyo hivyo. Ndiyo sababu tulifika dikoni mapema kuliko kawaida yetu. Boti ya kwanza ndiyo kwanza ilikuwa inashusha. Nahodha wake anaitwa Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona nywele zake, na katika wafanyakazi wake kuna mzee mmoja wa kutengeneza nyavu ambaye kila mtu anamwita Babu Sindano. Babu Sindano alikuwa amepiga magoti kando ya kreti, bakuli la shangazi katikati ya mapaja yake. Alichukua dagaa, akampima kwa kidole chake cha shahada, akamrudisha. Akachukua mwingine.

“Wewe hapana,” alikuwa akiwaambia. “Wewe aibu. Haya, wewe wa Bi Rula. Wewe rudi kwa wenzako.”

Shangazi alisimama nyuma yake. Nilimwona akishika ncha zote mbili za utepe.

“Mnafanya nini?”

Babu Sindano akageuka, akafurahi kumwona. “Eh, leo umetuwahi! Subiri kidogo, hatujamaliza kukuchagulia.”

“Kunichagulia?”

“Kitoweo chako.”

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo mpaka dakika ile sikuwa nimelifikiria, na naamini shangazi pia hakuwa amelifikiria. Dagaa wakishapimwa, lile bakuli huja nasi nyumbani. Ndicho chakula chetu cha mchana. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo mahali popote wala kulijadili katika kamati. Siku ya kwanza alipomaliza kupima aliuliza awaweke wapi, akaambiwa, “Nenda nao, mama, ukapikie watoto,” na tangu siku hiyo ikawa hivyo.

“Kwa hiyo siku zote hizi mnanidanganya!” Sauti yake ilipanda mpaka wachemshaji wakageuka. “Mnanipa wakubwa ili diko lisifungwe!”

“Kukudanganya?” Kofia alishuka kwenye boti, maji yakamfika magotini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa mwizi mbele ya wakwe. “Bi Rula, wewe umewashonea wanangu sare. Mama yangu mzazi umemshonea. Mimi nichote makombo ya chini ya kreti nikupe wewe ukale? Watu watanisemaje?”

“Mimi sikuomba chakula! Niliomba kipimo!”

“Lakini unakula.”

Shangazi akalitazama bakuli. Kweli alikuwa anakula. Hata mimi nilikuwa nakula.

“Na kila siku unasema, asanteni, leo samaki wazuri,” akaongeza Babu Sindano, na ilikuwa wazi ameumia.

Tulizunguka boti moja hadi nyingine. Shangazi aliuliza kila nahodha, na kila nahodha alikiri bila kujua kwamba anakiri. Walijisifu. Hakuna boti iliyotaka bakuli lake lionekane baya kuliko la jirani. “Sisi hata tunawaosha,” mmoja akasema. Shangazi alitafuta mtu wa kumkasirikia, akakosa. Mwisho alikaa juu ya kreti tupu, akasema, “Nimepima adabu zenu mwaka mzima. Dagaa wenyewe sijawaona.”

Halafu akasimama, akarudi boti ya Kofia, akageuza uso upande wa pili, akatumbukiza bakuli katikati ya kreti na kuchota. Wale wanaume walitazama kando, kama mtu anayemwona mgeni wake akila sakafuni. Alilaza dagaa wale mmoja mmoja. Walikuwa wadogo, karibu wote. Akaenda mlangoni na kuandika CHINI kwa herufi kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, na mlango mzima ukapata umati.

Kila siku ya giza lile akachota mwenyewe, na kila siku ikawa CHINI.

Mtu angedhani sasa mambo yamenyooka. Kwa shangazi ndipo yalipopinda zaidi. Vipimo vyake vya nyuma vilikuwa havina maana tena. Kama dagaa hawa wadogo wamekuja mwaka huu, hakuna cha kumwonyesha. Kama wamekuwepo siku zote, pia hakuna. Afisa alipigiwa simu, akasema, “Hatuna cha kulinganisha nacho, mama,” kisha akaongeza, “Pole.” Shangazi akakumbuka kwamba kuna mtu ambaye anawajua dagaa kwa njia nyingine. Akaenda kwa wifi yake.

“Mwaka jana walikuwa wanadondoka hivi?”

Mama alikuwa anakoroga chungu. “Mwaka jana? Hapana.”

“Hapana kabisa?”

“Hata mmoja.”

Shangazi alishusha pumzi. Ilikuwa mara ya kwanza katika siku nyingi kwamba kitu kimesimama mahali pamoja. Kisha mama akagonga mwiko kwenye ukingo wa chungu.

“Lakini mwaka jana vichanja vyangu vilikuwa vya wavu wa matundu madogo. Hivi ni vipya. Nimeviweka baada ya mvua.”

“Wifi.”

“Nini?”

“Kwa hiyo huenda walikuwa wadogo tangu hapo, ila hawakuwa na pa kupitia?”

“Mimi najua? Mimi nachemsha.”

Shangazi alikaa chini, pale pale kwenye magamba na majivu, akaanza kucheka, na mama akacheka kwa kumwona anacheka, mpaka mama akafahamu kwamba mwenzake hachekeshwi na lolote. “Usinifungie, wifi,” akasema taratibu. “Vichanja ndiyo kwanza nimeviweka. Nikikaa miezi mitatu bila moto, hao wadogo zake huyu uliowabeba mgongoni watakula nini?” Hao wadogo ni wadogo zangu mimi, watatu, na bado wanasoma.

Mkutano ulifanyika katika stoo ya nyavu. Watu walikalia nyavu kwa kukosa viti. Afisa alisema kanuni ni ya diko na neno ni la mpimaji. Yeye atapeleka ofisini lolote litakaloamuliwa. Kofia alisimama.

“Tukifunga, na kumbe wamezaliwa wengi, wenzetu wa diko la pili watawavua wote. Sisi tutakuwa tumekaa hapa tunakaushwa badala ya dagaa.”

“Na tusipofunga, na kumbe ndio waliobaki?” akauliza mchemshaji mmoja kutoka nyuma.

“Waliobaki wapi, na kreti zinajaa?”

“Zinajaa watoto!”

“Kujaa ni kujaa!”

Hapo mama akainuka. “Mimi nina neno kwa Bi Rula. Gauni langu la harusi alilipima yeye. Likabana hapa kwapani. Nikavaa hivyo hivyo, nikacheza hivyo hivyo, sikumwambia mtu. Sasa leo, wifi, unataka kunipima na tumbo?”

Watu walicheka sana. Shangazi hakucheka. Alisimama karibu na mlango, na chaki ilikuwa imemchafua vidole.

“Nafunga,” alisema.

“Kwa hiyo wamekwisha?” akauliza Kofia.

“Sijasema wamekwisha.”

“Basi wapo.”

“Sijasema wapo.”

“Sasa umesema nini, Bi Rula?”

“Nimesema nafunga. CHINI imezidi, na kanuni mliinyooshea mikono wenyewe. Na jambo la pili. Tukifungua, bakuli nitachota mimi, na nikimaliza kupima linarudi kwenye kreti. Sili tena samaki wa kipimo.”

La kufunga lilizua kelele. La bakuli likazua kimya. Babu Sindano akamgeukia. “Hata kitoweo hutaki kwetu?” akasema. Mama alikuwa ameshatoka.

Mama hakupita tena dirishani. Boti zilipandishwa mchangani zikafunikwa. Giza lililofuata liliingia na kutoka bila taa hata moja majini, na mbali, upande wa diko la pili, taa zao zilionekana. Wanaume walikuwa wakizitazama wakirudi nyumbani, na wengine walipita makusudi mbele ya dirisha la shangazi ili wasimsalimie. Wateja wa mashati walipungua. Alishona kidogo, akafumua, akashona tena.

Ilikuwa asubuhi, jua limefika kwenye kizingiti, mama alipoingia. Hakubisha hodi. Alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka kando ya cherehani, akakaa.

“Umenifungia, sasa nipe kazi.”

“Unajua vifungo?” akauliza shangazi bila kuinua kichwa.

“Najua kuliko unavyojua makwapa.”

Shangazi akamsogezea rundo la sare na kopo la vifungo. Wakafanya kazi. Waligombania mkasi, wakagombania mwanga, mama akasema uzi huu ni mbovu na shangazi akasema mkono ndio mbovu. Mimi nilikuwa sakafuni nafumua pindo. Tangu siku ya mkutano nilikuwa na swali moja, na nilikuwa nimelimeza kila siku, kwa sababu mchana kutwa watu walimuuliza maswali kwa hasira na sikutaka kuwa mmoja wao. Sasa nikaona afadhali nimuulize mama akiwepo.

“Shangazi,” nikasema, “wewe mwenyewe, moyoni mwako, unaonaje? Wakubwa wamekwisha, au wamezaliwa wengi?”

Mama aliacha sindano ndani ya kifungo. Shangazi aliinua mguu kwenye pedeli, na cherehani ikasimama.

“Sijui,” alisema. “Nimeona ni wadogo. Basi.”